Nampula si Newala: kumpeleka mama na mtoto harusini Msumbiji

"Ninaishi Chikongola, Mtwara mjini. Dada yangu mkubwa aliolewa Nampula zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na Desemba hii anamwoza binti yake wa kwanza. Nataka niende na mama yetu, ana miaka 67, mtu wa Masasi, anatumia dawa za presha, pamoja na mwanangu wa miaka 9. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kaniambia Msumbiji iko SADC, kitambulisho cha NIDA kinatosha. Mwingine anasema viza ni lazima na inapatikana Dar tu. Jirani yangu anayeuza samaki anasema nisihangaike, Ruvuma ina mitumbwi, unavuka asubuhi na jioni uko kwa dada yako. Nimesikia pia habari za kadi ya njano. Na vitenge na korosho za zawadi, je, vitanisumbua? Nieleze vizuri, maana hela ya korosho ikiingia sitaki kuitupa njiani."

Dada yangu, hongereni kwa harusi. Nimesoma swali lako mara mbili na naona waliokushauri wamefunga mambo mawili katika furushi moja. Kuna karatasi, na kuna njia. Karatasi zina utaratibu wake, ukizianza mapema hazikusumbui sana. Njia ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuuliza utapita wapi ukishavuka Ruvuma. Nimefanya uwakala wa forodha mpakani miaka mingi, Kilambo kwanza na Mtambaswala baadaye, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele ya meza yangu.

Kitambulisho cha NIDA hakitoshi. Uvumi huu una chanzo chake: Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu 2014 raia wao huvuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa. Mtu akimwona Mkenya anaingia Kampala na kadi mfukoni, anarudi kwao akisema siku hizi Afrika ni kadi tu. Tanzania haimo katika mpango ule, na Msumbiji haimo kabisa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli tuko nayo SADC, lakini SADC haina kadi inayofungua mipaka yote. Itifaki yake ya kurahisisha watu kusafiri ilisainiwa mwaka 2005, na mpaka leo kinachomsaidia msafiri hasa ni makubaliano ya nchi moja na nyingine.

Kati yetu na Msumbiji makubaliano hayo yapo, kwa hiyo aliyekwambia viza ni lazima naye kakosea. Mtanzania mwenye pasipoti haombi viza kwa matembezi mafupi. Unafika dirishani, unaeleza unakwenda wapi na kwa nani, unagongewa muhuri. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu anaambiwa na rafiki yake kwamba huwa wanatoa siku kadhaa, anakwenda na hesabu hiyo kichwani, wala haangalii afisa kaandika nini. Siku zako ni zile zilizoandikwa kwenye muhuri wako. Zisome palepale dirishani, kabla hujarudisha pasipoti kwenye mkoba, na kama ni pungufu ya siku za safari yako sema hapohapo kwa upole. Ukizidisha, unatozwa faini kwa kila siku iliyozidi, na kwa watu watatu hesabu inakwenda mara tatu. Ikiwa harusi itasogezwa mbele, nenda ofisi ya uhamiaji ya kule, wenyewe wanaiita Migração, kabla siku hazijaisha.

Ukisoma mtandaoni utakutana pia na habari kwamba mwaka 2023 Msumbiji iliziondolea viza nchi 29, na kwamba raia wa nchi hizo wanajisajili mtandaoni na kulipa meticais 650. Habari hizo ni za wageni wa Ulaya, Marekani, Asia na nchi chache za Afrika, Tanzania haimo. Zimewachanganya Watanzania wengi, hata nimemwona kijana mmoja pale Masasi amemlipa mtu wa mtaani "ada ya viza ya Msumbiji" na kupewa karatasi iliyochapwa dukani. Muhuri huo wa matembezi, basi, ni wa matembezi kweli. Haukupi ruhusa ya kufungua meza sokoni Nampula hata kwa siku tatu.

Sasa pasipoti. Kila mmoja wenu anahitaji ya kwake, mtoto pia. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapewa namba ya malipo, na gharama yote ni shilingi 150,000 kwa kila pasipoti. Baada ya hapo mnakwenda ofisini kwa picha na alama za vidole. Zidisha mara tatu uone kwa nini nasema uanze sasa, usingoje mnada wa mwisho wa korosho. Kwa aliyebanwa na muda ipo pia hati ya dharura ya safari, ambayo ni rahisi zaidi. Kwa safari yenu ningependelea pasipoti, kwa sababu njia nitakayokushauri hapa chini huenda ikawa ya ndege, na dirisha la shirika la ndege huwa halina subira na hati ambayo mhudumu haioni kila siku.

Kinachochelewesha watu wa kwetu kusini si foleni wala ada. Ni majina. Mzee mmoja alinijia na karatasi tatu. Kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe aliandikwa Hamisi, kwenye NIDA akaandikwa Khamisi, na kwenye cheti cha ubatizo wa zamani, kabla hajasilimu, lilikuwapo jina lingine kabisa. Mtu ni mmoja, kijiji kimoja, mke mmoja, lakini kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Ilimchukua miezi miwili ya kwenda kwa wakili na kurudi mpaka hati ya kiapo ikakubalika. Kwa hiyo usiku wa leo weka mezani kitambulisho cha mama, chako na cheti cha mtoto, usome herufi kwa herufi. Mama wa miaka 67 aliyezaliwa kijijini Masasi huenda hana cheti cha kuzaliwa. Kama hana, anza kwa Mkuu wa Wilaya, kwenye dawati la RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, uulize usajili wa waliochelewa. Hapo ndipo siku zako zitakapoliwa, pengine kuliko Uhamiaji kwenyewe.

Dada yako naye ana kazi ya kufanya. Akuandikie barua ya mwaliko yenye jina lake, mtaa anaoishi, tarehe ya harusi na majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, na aambatishe nakala ya kitambulisho chake cha Msumbiji, au cha ukaazi wa mgeni, ile kadi wanayoiita DIRE. Aiandike kwa Kireno. Ya Kiswahili itakufaa upande wetu tu.

Kuhusu mtoto, hujasema baba yake yuko wapi nami sikuulizi. Lakini mtoto akivuka mpaka na mzazi mmoja, swali la kwanza la afisa yeyote makini ni kama mzazi mwingine anajua. Beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu. Kama baba amefariki, cheti cha kifo. Kama unamlea peke yako na hajulikani alipo, hilo ni la ustawi wa jamii na wakili, usilibebe hadi mpakani ukitumaini utalieleza kwa mdomo.

Kadi ya njano ina ukweli na chumvi. Msumbiji inaitaka kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kitaalamu Tanzania iko kwenye hatari ndogo, na mtu anaweza kubishana kwamba haimhusu. Sijawahi kuona mtu akishinda ubishi huo dirishani huku basi linapiga honi. Chanjo ni moja, na tangu Julai 2016 kadi yake inahesabika kuwa ya maisha, hata kama ya kwako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Jambo la kukumbuka ni kwamba inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa. Ukichoma Jumatatu na kusafiri Ijumaa una kadi, lakini bado haijafanya kazi. Kwa umri, wewe na mtoto hamna shida. Mama asipelekwe tu kwenye foleni ya chanjo. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi chanjo hii ina uwezekano mkubwa kidogo wa kuleta madhara makali, ni nadra lakini yapo, kwa hiyo daktari anayemjua ndiye aamue. Akiona haifai, ataandika barua ya msamaha wa kitabibu, nayo inawekwa pamoja na pasipoti. Mpeleke akiwa na dawa zake zote mkononi. Hapohapo omba cheti cha dawa za presha, na dawa zenyewe zisafiri kwenye pakiti zake, za siku kumi zaidi ya safari. Zile za kumimina kwenye kichupa cha asali zinatia shaka hata asiyekuwa na shaka.

Tufike kwenye mtumbwi wa jirani yako. Mitumbwi ipo, hasemi uongo, na kuna watu wa vijiji vya mtoni wanaovuka kumzika shangazi na kurudi, wamefanya hivyo tangu babu zao. Lakini safari yako si ya kijiji kwa kijiji. Mpaka unavukwa kwa mihuri miwili: wa kutoka huku na wa kuingia kule. Ukikosa wa kutoka, kwa Tanzania bado uko Chikongola. Ukikosa wa kuingia, kwa Msumbiji hujafika, na mtu ambaye hajafika akikutwa Nampula anaulizwa kaingiaje. Akikutwa Cabo Delgado, mkoa ulio ng'ambo ya mto, anaulizwa mengine. Tangu Oktoba 2017, waasi waliposhambulia Mocímboa da Praia, mkoa ule umekuwa na vita, na mgeni asiye na muhuri, anayetoka upande wa mto, ni mtu wa kushukiwa kabla hajafungua kinywa. Mamba na viboko wa Ruvuma sijawataja, kwa sababu kwa kweli ndio hatari ndogo. Na kuhusu kufika jioni: kutoka mtoni hadi Nampula ni zaidi ya kilomita 600. Jirani yako alikuwa anafikiria Palma, mji ulio karibu na mto.

Basi njia. Ziko nne, na nitakueleza kila moja ninavyoiona mimi.

Kilambo ndiyo iliyo karibu nawe. Pantoni linavuka kwenda Namoto, kisha Palma, Mocímboa da Praia, kushuka Macomia hadi Pemba. Nikisema Pemba hapa nina maana ya mji mkuu wa Cabo Delgado, si kisiwa chetu cha karafuu. Usicheke, nimeshuhudia mzigo ukiandikwa Pemba na kwenda bandari isiyo yake. Pantoni lenyewe linategemea maji. Yakipwa, linalala mchangani na nyote mnakaa chini ya mwembe mkisubiri, na huduma yake imekuwa ya kusimama na kuanza. Hayo yanavumilika. Kisichovumilika ni barabara iliyo mbele. Palma ilishambuliwa Machi 2021, na sisi wenyewe tunalikumbuka shambulio la kijiji cha Kitaya la Oktoba 2020, upande wetu wa mto. Wanajeshi wa Rwanda waliingia Julai 2021 na hali ya miji ya pwani ikawa nafuu, watu wengi wamerudi makwao. Hata hivyo kwenye ile barabara ya Macomia magari bado yamekuwa yakivamiwa, na baadhi ya vipande hupitwa kwa msafara wa askari. Mfanyabiashara anayejua kila dereva anaweza kuamua kujihatarisha. Mama wa presha na mtoto wa miaka 9, hapana.

Mtambaswala inavutia kwa sababu ya lami. Mtwara hadi Masasi, Masasi hadi Mangaka, kisha kilomita 65 za lami safi hadi Daraja la Umoja, mita 720 juu ya Ruvuma, lililofunguliwa na marais Kikwete na Guebuza tarehe 12 Mei 2010. Nimelivuka mara nyingi, na kila mara najisikia vizuri kwa muda wa mita hizo 720. Ukishuka upande wa pili uko Negomano, kuna safari ndefu hadi Mueda, na kutoka Mueda kwenda kusini njia ya kawaida inakurudisha kwenye barabara ileile ya Macomia. Daraja zuri halikusaidii kama linakushusha palepale ulipokuwa unapakwepa.

Mkenda ni ya mbali, nayo ndiyo njia ya nchi kavu ninayoweza kuijadili na familia. Unapanda basi Mtwara hadi Songea kwa kupitia Masasi na Tunduru, zaidi ya kilomita 600. Kutoka Songea ni kama kilomita 120 hadi mpakani Mkenda, unavuka Ruvuma kuingia mkoa wa Niassa, unashuka Lichinga, kisha Cuamba. Cuamba hadi Nampula kuna barabara, na kuna reli ile ya Nacala yenye treni ya abiria kwa siku maalumu za wiki. Wazee wanaipenda, mtu ananyoosha miguu. Ubaya wake: ni siku nne au tano, mnalala njiani angalau mara tatu, na Desemba ni mvua. Sehemu za vumbi zinakuwa tope, na gari linaloondoka "kesho asubuhi" linaondoka likijaa. Niassa nayo imewahi kuguswa na mashambulizi, ingawa ni upande wa hifadhi, mashariki, si kwenye mstari wa Lichinga na Cuamba. Kabla ya kupanda basi piga simu Songea, kisha umuombe dada yako awapigie watu wa Lichinga.

Ya nne ni ndege kutoka Dar, na mara nyingi utalazimika kubadilisha ndege mahali fulani. Ratiba za huko zinabadilika kila msimu, kwa hiyo sitakutajia shirika. Nenda kwa wakala wa tiketi, mwambie mwisho wa safari ni Nampula na umwulize mambo mawili: mnabadilishia nchi gani, na nchi hiyo inadai nini kwa Mtanzania anayepita tu. Watu wamezuiwa kupanda ndege Dar kwa sababu ya nchi ambayo hawakukusudia hata kutoka nje ya uwanja wake. Ndege ni ghali. Kwa watu watatu inaweza kula korosho za msimu mzima.

Ukiniuliza mimi, ningempeleka mama kwa ndege, nikamwacha mtoto kwa baba yake au kwa bibi wa upande wa pili, na kama fedha haitoshi kwa ndege ya watu wawili ningepita Mkenda peke yangu na mama angeona harusi kwa video. Najua hilo la mwisho ni gumu kulisema mezani kwenu. Kuna la tano ambalo sijui kama mmelifikiria: maharusi waje Mtwara baada ya harusi, mkawafanyie sherehe ya upande wa mama. Vijana wawili wenye afya njema wanasafiri kwa urahisi kuliko bibi wa miaka 67, na wao pia hawahitaji viza kuja kwetu.

Desemba ina jambo jingine, kimbunga. Chido kilipiga pwani ya Cabo Delgado, kusini ya mji wa Pemba, tarehe 15 Desemba 2024, na Kenneth kilipita huko Aprili 2019. Msimu ni ule wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Usinunue tiketi ya kufika siku moja kabla ya ndoa.

Nikuambie kuhusu saa, kwa sababu ilinilaza nje. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa tatu asubuhi, kwao ni saa mbili. Juu ya hapo wao wanahesabu kwa Kireno: mtu akikwambia gari linaondoka "às oito", ni nane ya kwenye uso wa saa, yaani saa mbili asubuhi kwa kusema kwetu, ambayo Mtwara tayari ni saa tatu. Ukienda, tofauti hiyo inakupa saa ya ziada na unajiona mjanja. Ukirudi inakunyang'anya. Jioni moja nilikuwa upande wa pili wa mto, simu yangu imeshika mtandao wa kule, inasoma 17:10. Nikawaza geti letu linafungwa saa kumi na mbili, nina dakika hamsini, nikaagiza chai. Upande wetu ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Nililala kwenye benchi la mama muuza maandazi, na asubuhi alinidai hela ya chai tu, Mungu ambariki. Kwenye kingo za Ruvuma simu inarukaruka kati ya mitandao ya nchi mbili na saa inaruka nayo. Vaa saa ya mkononi, usiiguse.

Fedha yao ni metical, na metical moja ni kama shilingi 40 hivi, kiwango kinapanda na kushuka. Noti zipo za 20, 50, 100, 200, 500 na 1,000. Badilisha kidogo tu mpakani, ya kula na nauli, nyingine benki au duka la fedha mjini, na uhesabu mwenyewe kabla mbadilishaji hajazirudisha mkononi mwake "azipange vizuri". M-Pesa utaiona kila kona, rangi ileile, jina lilelile, lakini ni mfumo wa nchi nyingine. Wakala wa Nampula hawezi kukutolea hela ya laini yako ya Tanzania. Nunua laini ya kule kwa pasipoti yako, dada yako akuwekee salio.

Polisi wa barabarani wa kule huomba hati mara kwa mara, hata kwa abiria. Fika Nampula, toa nakala ya pasipoti, ipeleke kwa notário ithibitishwe, utembee na nakala na pasipoti ibaki nyumbani. Usipige picha daraja, askari, kambi wala uwanja wa ndege. Najua utatamani kupiga picha daraja.

Lugha isikutishe. Nampula wanazungumza Kimakua na Kireno, Kiswahili kinapungua kadiri unavyoondoka pwani ya kaskazini. Lakini hapo ndipo mama yako atakapowashangaza. Kama ni Mmakua wa Masasi, ataelewana na wauza mboga wa Nampula kuliko wewe na kamusi yako. Matamshi yanatofautiana, wengine watamcheka kidogo, naye atawacheka. Watamsalimia "salama", na wakishukuru atasikia kitu kama "koshukuru", atajua hajafika mbali. Wewe sema "bom dia" na "obrigada", kwa mwanamke ni "obrigada". Daladala wanaita chapa, shamba ni machamba, na vitenge vyako wataviita capulana.

Hivyo vitenge, forodha wanaangalia wingi na namna vilivyofungwa. Pea tano sita zilizokunjwa ndani ya begi la nguo, kila moja rangi yake, ni zawadi. Robota zima lenye karatasi ya kiwandani ni biashara, hata ukiapa. Sema ulichonacho kabla hujaulizwa. Korosho beba zilizobanguliwa na kukaangwa, kilo mbili tatu kwenye pakiti zenye lebo. Ghafi usithubutu hata mfuko mmoja. Zao hili linauzwa kwa mnada kupitia maghala, ule mfumo wa stakabadhi ghalani, na korosho ghafi inayosogea kuelekea mpakani inaonekana ni ya magendo. Ming'oko ya mama, ile mizizi ya kuchemsha, kuleni njiani. Vinyago vya mpingo havina shida, ila kisiwe na pembe, gamba la kasa au la kakakuona.

Mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi ni haya. Majina yasiyolingana, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, mkiwa wote watatu, asubuhi, na karatasi halisi. Chanjo na presha ya mama ni ya daktari. Usalama wa njia uulize Ubalozi wa Msumbiji ulioko Dar es Salaam wiki ya safari, usitegemee jibu la mwezi uliopita, hata hili langu. Mkiwa kule mkipata tatizo kubwa, ubalozi wetu uko Maputo, ambayo kutoka Nampula ni karibu kilomita 2,000 kwa barabara, kwa hiyo ziwe namba za simu kwenye karatasi ndani ya pasipoti ya kila mmoja, si kwenye simu peke yake.

Ukishasoma zile herufi za majina usiku huu, niandikie cheti cha mama kinasemaje. Kama hakipo kabisa, Desemba iko karibu kuliko unavyodhani.